Aliyenivua Hakuniosha

Usiku ule nililala nimenuna. Aliyeninunisha ni Shomari, mdogo wangu wa tumbo moja, na kilichoninunisha ni riwaya yake. Mswada nilikuwa nimeumaliza baada ya swala ya Isha, nikautupa juu ya kabati la vyombo, nikazima taa. Ugali niliuacha mezani ukapoa. Mimi ni msomaji tangu utotoni. Nimesoma vitabu vizuri na vitabu vya ovyo, nimewalilia watu wasiokuwepo mpaka mto ukalowa, lakini sijawahi kukasirishwa na watu wa kitabu kama walivyonikasirisha wale wa Shomari.

Hapakuwa na hata mmoja wa kumpenda. Mjomba ni mlevi, anauza mashamba ya wajane. Mwalimu anachapa watoto na kuona raha. Binti anamsengenya mama yake mzazi kwa wapita njia. Na yule kijana anayesimulia, ambaye nilidhani ndiye atakayeniokoa, anawatazama wote huku ameziba pua, kama anayepita kando ya jalala. Nikasubiri ukurasa baada ya ukurasa. Nikasema labda mbele huko mmoja atacheka, mmoja atamwambia mwenzake karibu chakula. Wapi! Watu wale hawacheki, na wakila kila mmoja ana sahani yake na ukuta wake wa kuutazama.

Sasa hayo ningeyameza. Mwandishi ana uhuru wake. Lakini katikati ya watu hao alikuwa amemketisha Shangazi Tatu.

Jina alibadili, akamwita Bi Havijawa, akidhani dada yake ni mjinga. Nani asiyezijua funguo zile zilizofungwa kwenye pindo la khanga? Nani aliyekuwa akihesabu vipande vya samaki kabla ya kulala na kuvihesabu tena alfajiri? Sukari iliyofichwa mvunguni, mtoto wa jirani anayeomba chumvi akarudishwa mikono mitupu, yote ni Shangazi mtupu. Ndiye aliyetulea mimi na Shomari mama yetu alipofariki. Sasa naye ni marehemu. Na humo kitabuni Bi Havijawa anakufa peke yake chumbani, halafu sura inayofuata inaanza na habari za mvua, kama vile aliyekufa ni kuku.

Shomari alikuwa aje kesho yake mchana kuuchukua mswada aupeleke kwa mchapishaji. Alitaka neno langu kwanza, maana katika ukoo wetu mimi ndiye mla vitabu. Neno langu lilikuwa tayari: chukua makaratasi yako, na kwangu usikanyage tena. Tumebaki wawili tu, sina ndugu mwingine wa kumwita ndugu, na nilipokuwa nikilipanga neno hilo kifua kiliniuma. Nililipanga hivyo hivyo. Nikavuta shuka.

Kilichonijia kwanza ni mlio wa funguo.

Nilikuwa nimesimama uani kwetu, kijijini, upande ule wa Kisarawe. Jua lilikuwa limewaka. Ua wa makuti ambao tuliubomoa zamani ulikuwa umesimama mzima, na nyanya chungu za Shangazi zilikuwa zimestawi pale pale kando ya bafu. Mswada nilikuwa nao mkononi. Sikushangaa. Nilijua tu kwamba nimeitwa.

Shangazi akatokea jikoni. Amevaa khanga yake ya kahawia, ile iliyopauka mabegani, na amekasirika. Shangazi akikasirika huna haja ya kumtazama macho, unamtazama pua. Ilikuwa imetanuka.

"Shikamoo, Shangazi."

Hakunipa marahaba. Aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akachukua ukili wake na kuanza kusuka. Kisha akasema:

"Soma."

Hiyo ilikuwa desturi yetu. Macho yake yalipoanza kugoma, jioni alisuka mimi nikamsomea hadithi. Hakuwa msikilizaji wa kukaa kimya. Aliwagombeza watu wa kitabuni kama wapangaji wake. "Mpumbavu huyu, asiolewe! Mwambie asiolewe!" Binti wa kitabuni akishaolewa, Shangazi hunisusia mimi, na kesho yake jioni ndiye wa kwanza kutandika mkeka ajue ndoa imefikia wapi.

Basi nikasoma. Nikamsomea mjomba mlevi, nikamsomea mwalimu. Ukili unakwenda, Shangazi haneni kitu. Nilipofika kwa Bi Havijawa, ulimi ukawa mzito. Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Usiniruke," akasema.

Alijuaje? Nikarudi. Ninasoma kwa hasira, ninasoma funguo, ninasoma samaki, ninasoma mtoto aliyerudishwa bila chumvi. Moyoni ninamwambia Shomari, ngoja, leo utalaaniwa na mwenyewe. Shangazi ameacha kusuka. Pua imezidi kutanuka. Nikamaliza.

"Uongo," akasema Shangazi.

Nikafurahi, jamani. Nikataka kusimama.

"Nilikuwa mbaya kuliko hapo. Mtoto yule sikumnyima chumvi tu. Jioni nilikutuma kwao na kibakuli, nikaomba chumvi yao, na yangu imejaa kopo."

 Ni kweli. Ni mimi niliyetumwa na kibakuli hicho, na nilikuwa nimesahau. Hasira yangu, iliyokuwa ikimwelekea Shomari, ikawa haina pa kwenda, ikamgeukia yeye. Nilisema kwa sauti ambayo Shangazi akiwa hai nisingethubutu kuitoa mbele yake. Nikamwambia, Shangazi, mtoto uliyemlea amekutukana, amekuandika huna hata chembe ya kupendwa, nawe unamsaidia matusi!

Akanitazama.

"Na wewe ulinipenda kwa wema gani?"

Nilitaka kujibu. Nilitafuta wema. Nikaona anavyojibizana na redio: kila taarifa ya habari Shangazi alibishana na msomaji, akamwambia haya, rudia, umesema haraka. Nikaona anavyomkimbia chura, mwanamke mzima, funguo zinalia nyuma yake mpaka barazani. Nikaona anacheka na kiganja mdomoni kuficha pengo lake la jino. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni wema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa jibu, kilikuwa kilio cha wanawake wengi kwa mpigo mmoja.

Uani pamejaa watu. Mikeka imetandikwa mpaka kwenye nyanya chungu. Masufuria makubwa yako mekoni. Ni siku ya msiba wake, na ni alasiri, wanaume wamekwishatoka makaburini. Shangazi yuko makaburini na yuko mkekani na mimi, mguu wake umeugusa wangu, na hilo nalo sikulishangaa.

Mlango wa nyumba unafunguliwa, anatoka Nyamizi.

Nyamizi alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mnyamwezi wa Tabora, na sisi ni Wazaramo. Hao ni watani, na mtani msibani hana adabu, ndiyo kazi yake. Siku ile, siku yenyewe ya kweli, alitoka vivi hivi ninavyomwona sasa: amejifunga khanga ya kahawia ya marehemu, funguo za marehemu zinaning'inia kwenye pindo, na mwendo ni ule ule, makalio nyuma, kidevu mbele. Anapita katikati ya wafiwa anachungulia sahani.

"Wewe! Hicho kipande cha pili. Rudisha! Nilivihesabu kabla sijafa!"

Anamnyang'anya shemeji yetu nyama kutoka mkononi, anaifunga kwenye pindo la khanga. Anageuka, anaingia chumbani, tunasikia anagongagonga kitanda. Anatoka kwa magoti.

"Sukari yangu iko wapi? Siondoki duniani bila sukari yangu!"

Nilikuwa nimelia mpaka koo limekauka, nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikamwegemea mwanamke nisiyemjua. Bibi mmoja aliyemchukia Shangazi waziwazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi hayakukoma, akawa analia kweli. Na sasa ndotoni, kando yangu, Shangazi mwenyewe anacheka, kiganja mdomoni, mabega yanapanda na kushuka.

"Huyu ndiye aliyenijua," akasema.

Nikasema, lakini Shangazi, si anasema yale yale ya Shomari? Funguo ni zile, vipande vya kuhesabiwa ni vile, sukari ni ile.

 Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa maji.

Tuko ndani. Ni asubuhi ya siku ile ile, kabla watu hawajajaa. Mapazia yamefungwa. Shangazi amelazwa kwenye kitanda cha kuoshea, na mimi niko mlangoni nimeshika shuka lililotungikwa, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa na ndiyo pekee niliyoiweza. Wanawake wanaoosha ni watatu. Anayemwaga maji ni Nyamizi. Mikono ya gauni ameikunja mpaka juu ya kiwiko. Hana mzaha hata kidogo usoni.

Anachota maji kwa kata, anayamwaga taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Anaosha kisogo. Anaosha kwapa. Anafika miguuni, kwenye zile nyufa za visigino ambazo Shangazi alizificha hata kwetu aliotulea, anazisugua kwa kiganja, ufa mmoja baada ya mwingine, na ninamsikia anasema chini kwa chini, "Nipe mguu, mtani. Huo mwingine. Haya, mtani wangu." Alichokiona kwenye mwili ule Nyamizi hajamwambia mtu hadi leo. Alimfuta, akamvisha pamoja na wenzake, akatoka nje kukoroga uji wa watoto. Ni baada ya hapo, alasiri, ndipo alipozifunga zile funguo na kuanza kututania.

Na Shomari? Shomari hakuwepo. Alikuwa kazini Mwanza, na alipofika, matanga yalikuwa yamekwisha, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, watani wameshakwenda zao. Alikuta ua umefagiliwa. Alisimama hapo na begi lake, hakujua aweke wapi. Simlaumu kwa safari, mabasi si yake. Ninasema tu hakuwepo, na hakuona kazi hii inavyofanywa.

Nilipoinua macho, chumba kimekwisha kuwa ua tena. Wafiwa hawapo. Waliopo ni wengine, wamepanga mstari kutoka mekoni mpaka kwenye ua wa makuti, na niliwatambua hata kabla ya kuwatazama vizuri. Yule mkubwa ni mjomba mlevi. Yule mwenye kiboko ni mwalimu, ila kiboko amekiangusha, anahitaji mikono yote miwili. Binti msengenyaji ameinama mpaka nywele zimefunika uso. Wote hawana nguo. Wamejiziba kwa viganja kama watu walioibiwa nguo mtoni, na miili yao ina vumbi la siku nyingi. Wanaitazama ile ndoo ya maji. Hakuna aliyeshika kata.

Niliwachukia, nisiseme uongo. Hata pale, na aibu yao yote, niliwachukia. Nikataka kuwapa kisogo.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Bi Havijawa. Alikuwa na uso wa Shangazi.

Niligeuka haraka kumtafuta Shangazi mkekani, na mkekani palikuwa na ukili tu. Sauti ikatoka kule mwisho wa mstari. Haikuwa ya kulalamika. Ilikuwa ya hasira, hasira ile ya zamani iliyokuwa ikitukimbiza na mwiko.

"Kanivua, hakuniosha."

Maji kwenye ndoo yalitikisika.

"Wote hawa kawavua. Hakumwosha hata mmoja."

Nikamwambia, ndiyo, Shangazi, umesema! Nami kesho namfukuza. Namtupia makaratasi yake barabarani, kwangu asikanyage tena.

Ile pua ikatanuka kwa ajili yangu sasa. Alitoka kwenye mstari, akaja mpaka mbele yangu, uchi vile vile, visigino vina nyufa, akaugonga mswada kwa ufunguo mkubwa wa stoo.

"Ukimfukuza, nani ataniosha humo?"

 Niliyakumbatia yale makaratasi, na kwa mara ya kwanza niliyaona mazito. Yuko humo. Nikiyachoma, namchoma naye. Nikiyaacha yaende vile yalivyo, watu nisiowajua watamtazama uchi na kuziba pua, kama alivyowafundisha Shomari. Nilianza kulia kwa hasira, na sijui hasira ya nani.

Shangazi aliniwekea kata mkononi. Ilikuwa ya kifuu, na ya baridi.

"Mwambie hivi. Anayemvua mtu, amwoshe. Akishamwosha, basi amcheke mpaka achoke, ruksa. Na wewe mwenye kununa, sikia: mwosha huoshwa. Siku yako ipo, na utamtaka ndugu yako mlangoni ashike shuka."

Akageuka kurudi kwenye mstari. Halafu akasimama, kama kawaida yake, Shangazi hakuwahi kuondoka bila kuacha la kukugombeza.

"Tena mwambie kuhusu sukari kaandika upuuzi. Sukari yangu ilikuwa ndani ya debe la pumba. Ile ya mvunguni ilikuwa ya nyinyi kuiba."

Nilitaka kumuuliza. Nilisema Shangazi, Shangazi, na kila nikiita sauti inakuwa ndogo, na mlio wa funguo unakwenda mbali, unavuka ua wa makuti, unakuwa mlio wa kikombe cha jirani anayekoroga chai.

Nikaamka. Kumekucha, jua limeshaingia dirishani, na mkono wangu wa kulia umekunjwa kama ulioshika mpini.

Sikuamka nimesamehe. Watu husimulia ndoto za wafu wakaamka wepesi, wanatabasamu. Mimi niliamka na hasira yangu nzima, ila ilikuwa imegeuka upande. Nilitelemsha mswada kutoka juu ya kabati, nikakung'uta vumbi, nikauweka mezani. Nikakaa nao hivyo mpaka niliposikia hodi.

Shomari aliingia na shati lililopigwa pasi, macho yananitafuta usoni kabla hajakaa.

"Shikamoo, Dada. Umemaliza?"

"Marahaba. Nimemaliza. Kitabu chako kimenichukiza."

Akatabasamu, tena kwa fahari kidogo. "Ndivyo nilivyotaka, Dada. Watu ndivyo walivyo. Nimewaandika bila kuwapamba."

"Hukuwapamba, sawa. Hata hukuwaosha."

Nikamsimulia ndoto yote. Uani, Nyamizi, mstari, kata. Nilimpa agizo neno kwa neno kama nilivyopewa, anayemvua mtu amwoshe, na sikulainisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nikaona taya linamcheza. Nilipofika kwenye sukari akainua uso, akacheka kidogo, kicheko cha kunikatalia.

"Dada, hiyo ni ndoto tu. Shangazi yule? Aweke sukari tuibe?"

Hapo ndipo iliponijia. Sikuota, nilikumbuka.

"Shomari, nyumba ile kila kitu kilikuwa na kufuli. Stoo, kabati, mpaka kapu la vitunguu. Lile kopo la mvunguni lilikuwa na kufuli gani?"

  Nilimwona anakwenda, mtoto yule, kwa tumbo chini ya kitanda cha Shangazi, mimi nimesimama mlangoni kuangalia asije mtu. Tulikuwa tunalamba vidole na kumcheka, tunajiona wajanja kuliko funguo zake zote. Na kopo lile, sasa ninalikumbuka vizuri, halikuwahi kwisha.

"Halikuwa na kufuli," akasema Shomari.

 Mikono yake ilikuwa juu ya mswada, haiufungui wala haiuvuti. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama Nyamizi bado yupo kule kijijini na kama ningekwenda naye. Nikamwambia yupo, na nitakwenda. Akaniomba kalamu. Nikampa, na sikumwekea chai mpaka nilipomwona amekata mstari wa kwanza mswadani.